Tengeneza kompyuta ya karatasi, kisha uwe prosesa wewe mwenyewe

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri, inajuaje kwamba hiki ni amri na kile ni namba tu? Nani anaiambia iende kwenye amri inayofuata? Tukisema kompyuta "inaelewa" sifuri na moja, anayeelewa ni nani hasa? Ukijibiwa kwa mchoro wa visanduku na mishale utatikisa kichwa kukubali, na kesho yake utauliza tena. Kwa hiyo hapa hakuna mishale. Utachora kompyuta ndogo kwenye karatasi, uandike programu ndani yake, halafu uiendeshe kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, wewe ukiwa ndiye prosesa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1968 maabara za Bell za Marekani zilitoa kompyuta ya kadibodi ya kufundishia iliyoitwa CARDIAC. Ya kwetu ni ndogo zaidi, na utaimaliza kwa kikao kimoja.

Unachohitaji

- Karatasi mbili: moja ya mashine, nyingine ya kuandikia hatua zako.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino haifai kabisa. Namba zitabadilika mara nyingi.
- Uwezo wa kujumlisha na kutoa namba za tarakimu tatu.
- Subira. Huhitaji kujua lugha yoyote ya programu. Wanaozijua mara nyingi ndio wanaokosea zaidi hapa, kwa sababu wanaona jibu mapema na kuruka hatua.

Hatua ya 1: Chora kumbukumbu

Chora vyumba 20 na uvipe anwani kuanzia 00 hadi 19. Anwani iandike nje ya chumba, pembeni. Ndani ya kila chumba kunakaa namba moja ya tarakimu tatu, kuanzia 000 hadi 999. Kwa sasa jaza 000 kila mahali.

Onyo: anwani ya chumba na kilichomo ndani ya chumba ni vitu viwili tofauti. Chumba 15 kinaweza kuwa na 003. Kosa hili linaongoza makosa yote, na halitoki kwa kusoma maelezo. Linatoka kwa kulifanya mara mbili tatu na kulikamata.

Hatua ya 2: Chora rejista tatu

Rejista ni visanduku vya prosesa yenyewe, nje ya kumbukumbu. Pembeni mwa kumbukumbu chora visanduku vitatu vikubwa:

- K, kielekezi. Hubeba anwani ya amri itakayofuata.
- R, mahali pa kunakilia amri unayoitekeleza sasa hivi.
- A, mahali pekee ambapo hesabu hufanyika.

Huna pengine pa kufanyia hesabu. Ukitaka kujumlisha vyumba viwili, lazima kimoja kipitie A.

Hatua ya 3: Andika orodha ya amri

Amri ni namba ya tarakimu tatu kama namba nyingine yoyote. Tarakimu ya kwanza inasema kazi, mbili za mwisho zinataja anwani. Nakili orodha hii juu ya karatasi yako (xx ni anwani):

- 0xx: simama
- 1xx: pakia, yaani nakili kilichomo katika chumba xx kiingie A
- 2xx: hifadhi, yaani nakili kilichomo katika A kiingie chumba xx
- 3xx: jumlisha kilichomo katika chumba xx kwenye A
- 4xx: toa kilichomo katika chumba xx kutoka A
- 5xx: ruka, yaani andika xx katika K
- 6xx: ruka ikiwa tu A ni 000, kama si 000, usifanye kitu

Kanuni mbili za hesabu: jibu likizidi 999, tupa tarakimu ya elfu, likishuka chini ya sifuri, ongeza 1000. Kwa hiyo 003 ukitoa 005 unapata 998. Usilalamike bado, utaona faida yake katika hatua ya 9.

Onyo: kupakia ni kunakili, si kuhamisha. Chumba ulichokisoma kinabaki na kilichokuwamo. Kifutio kinagusa tu mahali panapoandikwa upya.

Hatua ya 4: Jifunze duru

Kazi yote ya prosesa ni kurudia duru hii:

1. Soma K.
2. Nenda kwenye chumba chenye anwani hiyo, nakili kilichomo kiingie R.
3. Ongeza 1 kwenye K.
4. Tazama tarakimu ya kwanza ya R ujue kazi ni ipi.
5. Itekeleze. Kama si "simama", rudi namba 1.

Mpangilio huu usiuchezee. K inaongezwa kabla ya kutekeleza, si baada. Karibu kila anayeanza hujaribu kuongeza mwishoni kwa sababu ndivyo inavyoonekana kuwa ya kawaida, na programu ya kwanza hapa chini itamkubalia kabisa. Ya pili itamuumbua.

Umeona pia jibu la swali la kwanza limeshapita? Chumba hakina lebo ya "mimi ni amri". Namba inakuwa amri kwa sababu moja tu: K ilielekeza hapo, ikanakiliwa kwenye R. Namba hiyo hiyo ikifika kupitia 1xx au 3xx, ni data.

Hatua ya 5: Endesha programu ya kujaribu

Jaza vyumba hivi, kisha weka K = 00:

00: 110
01: 311
02: 212
03: 000
10: 007
11: 005

Kwenye karatasi ya pili andika mstari mmoja kwa kila duru. Inatakiwa isomeke hivi:

R 110, K sasa 01, A 007
R 311, K sasa 02, A 012
R 212, K sasa 03, chumba 12 sasa 012
R 000, K sasa 04, simama

Saba na tano, kumi na mbili. Zingatia kwamba mashine ilisimama K ikiwa 04, si 03. Kama yako imeishia 03, rudi hatua ya 4 kabla hujaendelea.

Hatua ya 6: Zidisha bila amri ya kuzidisha

Orodha yetu haina kuzidisha. Tutazidisha 6 kwa 3 kwa kujumlisha 6 mara tatu. Futa kumbukumbu yote kuwa 000, kisha jaza:

00: 115 (pakia zamu zilizobaki)
01: 608 (zikiwa sifuri, nenda 08)
02: 416 (punguza moja)
03: 215 (hifadhi zamu)
04: 117 (pakia jibu la mpaka sasa)
05: 314 (ongeza 6)
06: 217 (hifadhi jibu)
07: 500 (rudi mwanzo)
08: 000 (simama)
14: 006
15: 003
16: 001
17: 000

Maelezo ya kwenye mabano ni yako wewe msomaji. Ndani ya chumba hayamo. Prosesa haijui neno "zamu" wala "jibu". Jaribu kuyaficha maelezo hayo unapoendesha, utekeleze namba tupu. Ni kazi ya kuchosha, na uchovu huo una faida: utahisi mwenyewe kuwa hakuna uelewa wowote unaohitajika. Unafuata orodha, basi.

Weka K = 00, A = 000, uanze. Angalia pia kwamba hatukumwomba A akumbuke chochote kwa muda mrefu. Zamu zinahifadhiwa 15, jibu 17, na A inapokezana kati yao. Prosesa halisi zina rejista nyingi zaidi ya moja ili kupunguza safari hizi za kwenda na kurudi, kwa sababu kumbukumbu kuu ni ya polepole mno ikilinganishwa na rejista.

Ukimaliza, chumba 17 kinatakiwa kuwa 018 na chumba 15 kiwe 000. Hesabu mistari yako: duru 27. Kila zamu inakula duru 8, na mwishoni kuna 3 za kugundua kwamba zamu zimekwisha na kusimama.

Hatua ya 7: Geuza namba, hesabu gharama

Rudisha 17 kuwa 000, kisha weka 003 katika chumba 14 na 006 katika chumba 15. Usiendeshe bado. Kadiria kwanza: jibu ni lile lile 018, lakini zamu sasa ni sita, kwa hiyo duru ni 8 × 6 + 3 = 51. Karibu mara mbili ya kazi kwa jibu lile lile.

Hapo umeingia kwenye nadharia bila kubisha hodi. Programu hii inahitaji duru 8n + 3, ambapo n ni namba iliyo katika chumba 15. Chumba 15 kikiwa na 999, unatakiwa kufanya duru 7,995. Watu wa nadharia ya ukokotoaji wangeitupa ile 3 na hata ile 8, wabaki na neno moja: gharama inakua sambamba na n. Si uvivu wao. Ukibadilisha mashine, 8 inaweza kuwa 5 au 12, lakini umbo la ukuaji linabaki lile lile.

Hatua ya 8: Acha programu ijibadilishe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu hupenda kuiruka. Futa vyumba 00 hadi 09, acha 16 ikiwa na 001, na vyumba vingine vya 10 hadi 19 weka namba yoyote upendayo. Kisha:

00: 103
01: 316
02: 203
03: 110
04: 500

Endesha. Amri ya kwanza inapakia chumba 03, ambacho ni amri. Mashine haijali, kwake ni namba 110. Inaongeza 1, inarudisha 111. Sasa K inafika 03 na kukuta amri mpya: pakia chumba 11. Zamu inayofuata 112, kisha 113. (Chumba 10 hakisomwi kamwe. Tafuta sababu mwenyewe.)

Mashine za mwanzo zilipitia orodha za namba kwa njia hii hii, kwa kuhariri amri zao zenyewe. Manchester Mark 1 ya mwaka 1949 ilileta rejista maalumu za kuongeza kwenye anwani, na ulazima huo ukapungua.

Onyo: zamu ya kumi chumba 03 kinakuwa 120, na chumba 20 hakipo. Mashine yako imeanguka. Kama ungekuwa na vyumba 100, mambo yangekuwa mabaya zaidi: siku moja 199 ingeongezwa 1 ikawa 200, yaani "hifadhi katika chumba 00", na programu ingefuta amri yake ya kwanza bila kelele. Mifumo ya uendeshaji ya leo huwekea sehemu za kumbukumbu alama ya "hapa usiandike" au "hapa usitekeleze" kwa kuogopa mambo ya namna hii.

Hatua ya 9: Futa amri ya kujumlisha

Chora mstari juu ya 3xx. Marufuku kuitumia. Sasa jumlisha 7 na 5 tena. Futa kumbukumbu yote kwanza, chumba 19 kibaki 000, kisha:

00: 119
01: 411
02: 218
03: 110
04: 418
05: 212
06: 000
10: 007
11: 005

Sifuri ukitoa 5 unapata 995, kwa ile kanuni ya kuongeza 1000. Kisha 7 ukitoa 995 ni chini ya sifuri kwa 988. Ongeza 1000, unapata 012. Namba 995 imefanya kazi ya "hasi 5" bila alama ya hasi kuandikwa popote. Kompyuta halisi hushughulikia namba hasi kwa ujanja wa aina hii hii, isipokuwa zinafanya kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1 tu.

Na huu si mchezo wa darasani. Mashine ndogo ya Manchester iliyopewa jina la utani Baby, iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948, haikuwa na amri ya kujumlisha. Ilikuwa na kutoa. Ilikuwa na amri za aina saba na "maneno" (yaani vyumba) 32 ya kumbukumbu, na programu hiyo, iliyoandikwa na Tom Kilburn, ilikuwa na amri 17. Ilitafuta kigawanyo kikubwa kuliko vyote cha 262,144 mbali na namba yenyewe, ikagawanya kwa kutoa na kutoa tena kwa dakika 52, ikaleta 131,072.

Hatua ya 10: Hamia kwenye biti

Tulitumia tarakimu za kawaida kwa sababu ya macho yetu tu. Kazi ni saba, na biti tatu zinatoa michanganyiko minane, zinatosha. Vyumba ni 20, na biti tano zinatoa anwani 32, zinatosha na kubaki. Tatu na tano ni nane: kila amri yako inaingia kwenye baiti moja.

115 ni 001 01111
608 ni 110 01000
416 ni 100 10000
500 ni 101 00000

Zilizobaki za programu ya kuzidisha zibadilishe mwenyewe. Angalia jambo moja: chumba cha biti nane hubeba 0 hadi 255, kwa hiyo kanuni ya 1000 inakuwa ya 256. Zaidi ya hapo hakuna kilichobadilika. Duru ni ile ile, na programu ni ile ile.

Mambo yakienda mrama

Dalili hizi zote ni za programu ya kuzidisha, hatua ya 6.

*A inaonyesha 015 baada ya amri ya kwanza.* Umepakia anwani badala ya kilichomo. Nenda mpaka chumba 15, usome ndani.

*Chumba 15 kinakwenda 002, 005, 011, 017.* Unaongeza K baada ya kutekeleza. Amri 500 inaweka 00, wewe unaongeza 1, unaangukia 01, na kupakia zamu kunarukwa. A bado ina jibu, nalo ndilo linalopunguzwa moja na kuhifadhiwa kama zamu.

*Chumba 15 kimeganda 002 na chumba 17 kimeganda 006.* Unafuta vyumba unavyovisoma. Chumba 14 na 16 umeviacha tupu katika zamu ya kwanza.

*Chumba 15 kimekuwa 999.* A ilikuwa 000 ukapita amri 608 bila kuruka.

*Mashine imesimama mapema, K ikiwa 15 au zaidi.* K imepotea njia na kuingia kwenye data. Chumba 14 kina 006, na prosesa inaisoma "simama". Umepata bahati: kingekuwa na 217 ingeendelea kutekeleza upuuzi kwa bidii ile ile. Hakiki chumba 08 na amri zote za kuruka.

*Jibu halieleweki kabisa na hujui kosa liko wapi.* Usianze upya. Soma karatasi ya pili kutoka chini kwenda juu, utafute mstari wa mwisho ulio sahihi. Kosa liko kwenye mstari unaoufuata. Kama hukuandika mistari, basi ndiyo, anza upya.

Swali linalobaki: nitajuaje kama itasimama?

Weka 500 katika chumba 00 na uendeshe. Haisimami, na unaona kwa nini. Kwa programu ndefu kidogo huoni haraka hivyo, lakini kwa mashine hii kuna njia ya uhakika: kila duru inapoanza, andika vyumba vyote 20, A na K. Hali nzima ikijirudia sawasawa, programu haitasimama milele, kwa maana hali ile ile lazima ilete matokeo yale yale. Na kwa kuwa hali zina ukomo, lazima ama isimame, ama ianguke, ama ijirudie. Tatizo ni kwamba hali zinazowezekana ni 2 ikifuatwa na sifuri 64, kwa hiyo "njia ya uhakika" ni ya uhakika kwenye karatasi tu.

Ondoa ukomo wa kumbukumbu, na hata njia hiyo inatoweka. Mwaka 1936, kabla kompyuta za kielektroniki hazijakuwapo, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kukagua kila programu ya mashine isiyo na ukomo wa kumbukumbu na kujibu bila kukosea kama itamaliza. Kwa programu fulani unaweza kujua. Kwa zote, kwa kanuni moja, haiwezekani. Programu inapoganda na mfumo wako ukakuuliza kama usubiri au uifunge, haujifanyi mjinga. Hauna pa kupata jibu.